Kitabu Kisichopanda Kitonga

Wasikilizaji wangu wa Nyanda za Juu Kusini, jioni hii tuzungumze juu ya vitabu, na nitaanzia steshenari.

Wiki iliyopita nilikuwa Mbeya mjini, nikaingia steshenari moja karibu na chuo kutoa kopi ya cheti. Mbele yangu alisimama binti mmoja, mwanafunzi, ameshika simu yenye ufa kwenye kona ya kioo. "Kaka, nakurushia WhatsApp," akamwambia kijana wa pale. "Toa yote, halafu unifungie na springi." Faili likaingia kwenye kompyuta. Ilikuwa riwaya ya Kiswahili, nzima, kurasa 180. Mtu alikuwa ameipiga picha ukurasa baada ya ukurasa, na kwenye baadhi ya kurasa kidole gumba chake kinaonekana pembeni, kimebana karatasi isijifunge. Mashine ikaanza kutema. Shilingi 50 kila upande, jumla 9,000. Kufunga, 2,000. Binti akalipa elfu kumi na moja kwa simu, akatoka amekumbatia mzigo wake, karatasi zingali na joto.

Nikamuuliza yule kijana mwandishi wa kitabu kile atapata shilingi ngapi. Hakukasirika. Aliwaza kidogo, akaniambia, "Mzee, hata ningetaka kumpa chake, nimlipe nani?"

Swali hilo sijaacha kulifikiria. Kwa sababu kwa miaka mingi tumekuwa tukiambiwa kwamba vifaa vya kusomea vya kielektroniki vitaua kitabu cha karatasi. Nami nimemwona mtu anatoka na faili mkononi, anakwenda kulifanya karatasi, kwa gharama yake mwenyewe, tena siku hiyohiyo.

Tukumbushane kwanza mambo yalivyokwenda huko yalikoanzia. Novemba 2007 kampuni ya Amazon ya Marekani iliingiza sokoni kifaa kinachoitwa Kindle, bei yake dola 399, na shehena ya kwanza ikaisha kwa saa chache. Kioo chake si kama cha simu. Ndani yake mna vidonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeusi na chembe nyeupe. Umeme ukipita, chembe hizi zinapanda na zile zinashuka, maandishi yanatokea. Yakishatokea hayahitaji umeme tena mpaka ufungue ukurasa unaofuata. Ndiyo maana chaji moja inakaa wiki kadhaa, na ndiyo maana unaweza kukisoma juani bila kukunja uso. Mei 2011 Amazon ikatangaza kwamba sasa inauza vitabu vya Kindle vingi kuliko vya karatasi. Mwaka huohuo Borders, kampuni kubwa ya maduka ya vitabu ya Marekani, ikafunga milango yote. Watu wakasema karatasi imekwisha. Haikwisha. Mwaka 2015 Waterstones, wauza vitabu wakubwa wa Uingereza, waliziondoa Kindle kwenye maduka yao mengi kwa kuwa hazinunuliki, na mahali zilipokaa wakapanga vitabu vya karatasi.

Huko wamefika mahali pa kusoma vyote viwili. Lakini huko kitabu cha karatasi kilikuwa kimeshafika kila mji kabla ya kifaa kuja. Kwetu hakijafika. Hapo ndipo hesabu yetu inapotofautiana na ya kwao, na sidhani kama wachapishaji wetu wameipiga hesabu hiyo sawasawa.

Ngoja niseme jambo la lugha. Kiswahili kinatenganisha mchapaji na mchapishaji, ingawa mitaani tunawachanganya. Mchapaji ni mwenye mashine: anatia wino, anakata karatasi, anabana jalada. Mchapishaji ndiye anayesababisha kitabu kichapwe. Anapokea mswada, anausoma, anamrudishia mwandishi mara tatu nne mpaka unyooke, anatafuta mchoraji, anabeba hasara kikidoda, anamlipa mwandishi kikiuzwa. Kifaa cha kielektroniki kinaweza kumpunguzia kazi mchapaji. Kazi ya mchapishaji hakiigusi hata kidogo. Mswada mbovu ni mbovu kwenye karatasi na ni mbovu kwenye kioo.

Sasa tazama fedha ya mchapishaji inakwenda wapi. Analipa uchapaji wa nakala elfu kadhaa kwa mkupuo, maana ukichapa chache kila nakala inakuwa ghali. Nyingi anachapishia nje ya nchi, India ikiwemo. Zikishuka bandarini anazitunza ghala. Kisha zianze safari. Boksi linapakiwa basi pale Mbezi, linapita Morogoro, linapita mbugani Mikumi, linafika Ruaha Mbuyuni, linaupanda mlima Kitonga gari likiguna gia ya kwanza, Ilula, ndipo Iringa. Hizo ni kama kilomita 500. Wa Mbeya wangoje tena: Mafinga, Makambako, Uyole, zaidi ya kilomita 800 tangu Dar es Salaam. Wa Makete, wa Ludewa, wa Ileje, wao wasubiri gari jingine. Na boksi la vitabu ni zito. Boksi la mitumba la ukubwa uleule linabebwa na kijana mmoja huku anaongea na simu. La vitabu linataka wawili.

Likifika, mwenye duka analichukua kwa mali kauli. Atalipa akiuza. Riwaya inaweza kukaa rafu miezi minane inakula vumbi, na mwisho inarudishwa ilikotoka, nauli juu ya nauli. Simlaumu mwenye duka. Ana pango la kulipa. Ndiyo maana ukiingia maduka ya vitabu ya Iringa na Mbeya utakuta madaftari, vitabu vya shule, Biblia, tenzi, misahafu, kalamu, na kwenye kona ya chini kabisa vitabu vitano sita vya hadithi vilivyokunjamana pembe. Mtu akikwambia watu wa huku hawasomi, mwulize kwanza wasome nini.

Tena kuna jambo linaloniuma mimi kama mtu wa huku. Karatasi inaota kwetu. Msitu wa Sao Hill pale Mufindi ndio shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini: misonobari na mikaratusi, vilima juu ya vilima, ukungu wa asubuhi ukilala katikati yake. Miaka ya 1980 taifa likajenga kiwanda cha karatasi Mgololo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, kwa nia ya wazi kabisa kwamba mtoto wa Tanzania aandike na asome kwenye karatasi ya Tanzania. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilikuwa imeshapita upande huo. Wazee wa Mufindi wanakumbuka siku hizo: nyumba za wafanyakazi, taa, honi ya zamu. Halafu madeni, mashine zikachoka, kiwanda kikasimama. Baadaye kikauzwa kwa mwekezaji, kikafufuka kwa jina la Mufindi Paper Mills, na leo kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu ya kufungashia, ya mifuko na maboksi. Ni kazi halali na watu wanapata riziki. Lakini boksi lile linalobeba vitabu kupanda Kitonga lina uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye mti wa Mufindi kuliko vitabu vilivyomo ndani yake. Nimekaa na jambo hili muda mrefu na bado linanisumbua.

Kwa hiyo ninaposikia neno "kitabu cha kielektroniki" sifikirii kwanza kioo kizuri. Nafikiria barabara. Faili halipandi Kitonga. Halilipi nauli, halikai ghala, halirudishwi limekunjamana. Linafika Tukuyu dakika ileile linapofika Kariakoo. Kwa mchapishaji wa Marekani kifaa kiliokoa sehemu fulani ya gharama. Kwa mchapishaji wa Tanzania anayemtaka msomaji wa Mbozi, kinaondoa ile sababu yenyewe iliyomfanya asimfikie.

Kindle zenyewe huku ni za kuhesabu. Kifaa chetu ni simu, na baada ya simu ni kishikwambi. Mwaka 2022, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti, serikali iliamua vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vigawiwe walimu. Bila kelele nyingi, vifaa vya kusomea vikafika kwa mkupuo kwenye shule ambazo gari la vitabu halijawahi kusimama.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anafundisha shule ya msingi Kilolo, naye anacho. Nilimtembelea mwezi Julai, baridi inauma, tumekaa jikoni karibu na moto. Akakitoa kwenye mkoba, kimevishwa kifuko alichokishona mwenyewe kwa kitenge. Ndani ana vitabu vya kiada, maana Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba mtandao yake na mtu anavisoma bure. Ana pia hadithi za watoto. Kuzipata, anapanda kilimani nyuma ya zahanati jioni, mtandao unapokamata, anashusha mafaili mawili matatu, anarudi. Kesho yake anaingia darasani, watoto 64. Anasoma hadithi kwa sauti, kisha anapita katikati ya madawati amekishika kifuani, kioo kinawatazama watoto, kila dawati anasimama wauone mchoro. "Mdogo wangu," akaniambia, "wa mbele wanauona vizuri. Nikifika nyuma, wa mbele wameshaanza kupigana." Akacheka. Halafu akanionyesha rafu yake: vitabu 11 vya hadithi vya karatasi, vimetiwa gundi na uzi migongoni, vimeshikwa mpaka herufi za jalada zimefutika. Watoto hugombania hivyo. Kimoja kinasomwa na vichwa vinne kwa pamoja.

Nilijifunza mengi zaidi pale jikoni kuliko nilivyojifunza kwenye makala yoyote. Mtoto wa darasa la pili anataka kitabu cha kushika. Apinde ukurasa, arudi nyuma kwenye picha ya fisi, aende nacho nyumbani kumwonyesha bibi. Yeyote anayepanga kuwapa watoto wadogo kioo badala ya kitabu aende kwanza Kilolo akakae dawati la nyuma. Ila mwalimu wake anahitaji kile kioo, kwa sababu bila hicho hadithi zake ni 11 tu mwaka mzima.

Na vitabu vya shule ndivyo vilivyokuwa vikiwalisha wachapishaji wetu. Zamani vilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma. Miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa, kampuni binafsi zikaandika, zikashindana, zikastawi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 kazi ya vitabu vya kiada ikarudishwa Taasisi ya Elimu. Kampuni zilizokuwa zikitegemea kiada zikayumba, nyingine zikanyamaza kabisa. Kuna watu bado wanabishana kama ulikuwa uamuzi sahihi, na mwaka 2017 mjadala uliwaka zaidi pale vitabu vilivyokutwa na makosa vilipoondolewa shuleni. Ninachotaka kusema ni kidogo tu: mchapishaji aliyekuwa akiuza kwa mnunuzi mmoja mkubwa sasa lazima amtafute msomaji mmoja mmoja, yule binti wa steshenari, na hawezi kumfikia kwa boksi.

Waandishi wetu wameshamfikia. Kabla hata wachapishaji hawajaamka, waandishi wa riwaya za mapenzi na za upelelezi walihamia WhatsApp. Anaandika sehemu ya kwanza mpaka ya kumi, anazitoa bure, kisha anasema: anayetaka kuendelea atume elfu mbili kwa namba hii. Fedha inaingia kwa M-Pesa, ambayo Vodacom waliianzisha nchini mwaka 2008, na sehemu ya kumi na moja inatumwa. Hakuna ghala, hakuna mali kauli. Nawaheshimu sana vijana hawa. Lakini soma kazi zao utaona pengo la yule mtu niliyemtaja, mchapishaji. Mhusika anaitwa Rehema sura ya tatu, sura ya tisa ni Rahma. Hadithi inavutwa kwa sababu kila sehemu ina bei. Na siku ya pili tu mnunuzi mmoja anaikusanya yote, anaigeuza faili, anaisambaza kwenye makundi ishirini. Mwandishi anabaki na elfu mbili zake kumi na tano.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na kunakili kitabu kizima na kukiuza bila ruhusa ni kosa. Lakini unawakamata nani? Kijana wa steshenari? Binti? Zunguka Iringa, Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha, Mkwawa. Zunguka Mbeya, MUST, Teofilo Kisanji, tawi la Mzumbe. Kila lango la chuo lina steshenari kama sita zinazotazamana. Hizo ndizo maktaba na ndizo maduka ya vitabu ya wanafunzi wetu, na nyingi zipo kwa sababu kitabu halali hakikuwahi kuletwa. Yule binti alilipa elfu kumi na moja. Alikuwa na fedha na alikuwa tayari kununua. Hakuna aliyemuuzia.

Na juu ya kuuza, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1989 wachapishaji wa Kiafrika waliungana kuanzisha African Books Collective, makao yake Oxford, Uingereza. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kuiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, inauza vitabu vyake nje kwa njia hiyo. Huko hawatunzi tena marundo ghalani. Wanatunza faili. Msomaji wa Chicago akiagiza nakala moja, inachapwa hiyo moja, inafungwa, anapelekewa, na mchapishaji anapata sehemu yake. Kwa maneno mengine, njia ya kumpatia mtu kitabu cha Tanzania kimoja kimoja kutokana na faili ipo, imefanya kazi kwa miaka mingi, na anayefaidi ni msomaji wa Chicago.

Kwa nini isiwe Mwanjelwa, Mbeya? Kwa nini isiwe Miyomboni, Iringa? Mashine zipo. Yule kijana ana printa nzuri kuliko ya ofisi nyingi, ana kikata karatasi, ana springi, ana akaunti ya simu ya kupokelea fedha. Kinachokosekana ni mkataba. Mchapishaji akubaliane na steshenari kumi za Mbeya na kumi za Iringa, aweke orodha ya vitabu vyake vya hadithi, ushairi na ziada, faili safi lililohaririwa, bila kidole gumba cha mtu. Msomaji achague: alitie kwenye simu kwa bei ya soda tatu nne, au achapiwe pale pale. Katika kila nakala, shilingi elfu mbili ziende kwa mchapishaji na mwandishi, moja kwa moja kwa simu. Elfu mbili ya kitabu kilichosomwa Uyole ni kubwa kuliko elfu kumi ya kitabu kilichobaki ghalani Dar es Salaam.

Watu wa vitabu niliozungumza nao wananiambia: faili likitoka limekwenda, litaibiwa. Kweli, litaibiwa. Ila limeshaibiwa, wakubwa zangu. Lile la binti liliibiwa kwa kupigwa picha kurasa 180 na mtu mwenye subira kubwa. Wizi haukusubiri mjiandae. Msomaji anayekuta lililo safi, lililokamilika, kwa bei anayoimudu, atalinunua mara nyingi kuliko mnavyomdhania.

Mimi nina hofu yangu nyingine, na nisingependa niimeze. Julai 2009 Amazon iligundua kwamba aliyekuwa akiuza vitabu viwili vya mwandishi George Orwell dukani mwake hakuwa na haki navyo. Ikavifuta kwa mbali kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia. Mtu aliamka, kitabu hakipo. Walirudishiwa fedha na kampuni ikaomba radhi, lakini jambo lenyewe lilishaonekana kuwa linawezekana. Tukiwa na duka letu la mafaili, lisiwe la namna hiyo. Aliyenunua kitabu awe amenunua, akiweke, akichape, amrithishe mwanawe. Na maktaba za mikoa za Mbeya na Iringa zipate nakala za karatasi za kila kitu, ili siku simu ikianguka mtoni kitabu kiwepo mjini.

Muda wangu unakwisha, mtangazaji ananionyesha saa. Wachapishaji mlioko Dar es Salaam, najua baadhi yenu mnasikia matangazo haya kwa mtandao. Sikuja kuwahukumu, mmebeba kazi ngumu kwa miaka mingi na shukrani mlizopata ni chache. Nawaomba jambo moja. Pale Mbeya, nje ya lango la chuo, kuna kijana anafungua steshenari yake saa mbili kamili kila asubuhi. Ameuliza amlipe nani. Njooni mumjibu.